Mwenye Tumbo Yuko Huku

Ukifika Wiyoni, kule Lamu, na shida ya karatasi, usijisumbue kuulizauliza. Mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuelekeza kwa Ibtihal binti Jaafar, na akiwa mtani atakuongezea kwamba ujiandae kusomewa. Saiba ya Ibtihal ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayokwama kila hewa ikijaa unyevu, na benchi la wateja. Kazi yake ni fomu: za vitambulisho, za pasi, za leseni ya boti, za wajane wanaofuatilia pensheni. Ana sharti moja ambalo limewakera wengi. Hutii sahihi pale mpaka akusomee karatasi yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili unachokielewa. Una haraka? Nenda kwengine. Unaona haya kuuliza neno? Atakuuliza yeye kama umelielewa.

Wako waliomwita Bi Fomu kwa kumcheka. Alilipokea jina, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango, na wiki ile wateja wakazidi. Ndivyo alivyo huyu binti, ukimrushia neno analidaka na kulitumia.

Basi mtu kama huyo, tuseme kweli, ndiye wa mwisho ungemdhania kutiliwa sahihi na watu wengine kwenye karatasi ya mwili wake mwenyewe. Lakini yalimpata, tena mchana kweupe, na waliohusika wote walikuwa watu wanaompenda.

Ilikuwa uzazi wake wa kwanza, wa Hadil, miaka mitatu kabla ya haya ninayosimulia. Uchungu ulimshika siku mbili na mtoto hashuki. Daktari wa zamu wakati ule akaamua apasuliwe, na huenda kitiba alikuwa na haki kabisa. Ibtihal mwenyewe hajawahi kulipinga hilo. Kilichomkaa rohoni ni safari ya ile karatasi. Muuguzi alitoka nayo akampa Hussam, mumewe, fundi wa injini za boti na mtu mpole kupita kiasi. Hussam akampa mamake, Bi Mahfudha. Bi Mahfudha akataka ami yake Ibtihal apigiwe simu kwao Kizingitini, kwa kuwa Bwana Jaafar alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ami akasema sawa, mama akasema sawa, Hussam akatia sahihi. Karatasi ikarudi ndani, ikapita kando ya kitanda cha Ibtihal, ikaingia kwenye faili. Naye alikuwa macho! Dakika chache kabla yake alikuwa ameomba maji, akayanywa, akashukuru. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia akamuuliza, na wewe unasemaje?

Hadil alizaliwa mzima, alhamdulillahi, watu wakashukuru na mambo yakaisha. Kwake hayakuisha. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilimtia haya, maana kila aliyejaribu kumweleza alimuuliza kama hakufurahi kupata mtoto salama. Mwaka mzima ukapita ndipo akamwambia Hussam. Yule bwana akakiri kwamba aliogopa, na kwamba alidhani mtu aliye kwenye maumivu yale hawezi kuulizwa kitu. Ibtihal akamjibu kwamba kuumwa si kuwa bubu. Hussam aliomba radhi, na kwa haki yake, aliomba kama mtu aliyeelewa.

Mimba ya pili ilipoingia, Ibtihal aliianza kwa kusoma. Alisoma usiku, alisoma saibani wateja wakisubiri, alimuuliza kila muuguzi aliyemjua. Alipofika wiki ya thelathini na sita akaenda kliniki akiwa na daftari. Aliyemhudumia alikuwa Sista Kwamboka, mwanamke wa Kisii aliyekwisha kukaa Lamu miaka tisa na anayezungumza na wajawazito bila kuwanyanyulia sauti wala kuwabembeleza. Daktari alikuwa Kamau, kijana aliyehamishiwa kisiwani mwaka ule. Daktari akatazama kovu, akatazama faili, akasema watapanga siku ya upasuaji, na akamwambia siku hiyo aje na mumewe kwa ajili ya sahihi.

Hapo ndipo alipojikwaa, maskini wa Mungu, wala hakujua amejikwaa kwa nani.

Ibtihal alimwambia, kwa adabu zote, kwamba mume wake hana tumbo la kupasuliwa, kwa hiyo sahihi yake haina kazi pale. Kisha akafungua daftari na kuanza kuuliza. Je, kila aliyewahi kupasuliwa lazima apasuliwe tena? Daktari akasema hapana, si lazima. Hatari ya kujaribu njia ya kawaida ni nini? Akaambiwa mshono wa zamani unaweza kuachia wakati wa uchungu. Ni kama mwanamke mmoja kati ya mia mbili, lakini ikitokea hutokea haraka na inaweza kuua mama na mtoto. Na kupasuliwa mara ya pili nako kuna hatari gani? Akaambiwa: damu, vidonda kuingia wadudu, na kila operesheni inaifanya mimba inayofuata kuwa na mashaka zaidi. Ibtihal aliandika yote. Alitaka watoto wanne, insha Allah. Uzazi wa Hadil ulimchukua wiki sita kabla hajaweza kumnyanyua mwanawe bila kuuma meno. Akauliza la mwisho: akija hospitali uchungu unapoanza tu, asikae nyumbani hata saa moja, na thieta ikawa tayari, je, inawezekana kujaribu?

Daktari Kamau hakutaka kujibu, akajibu. Alisema inawezekana, ila yeye hashauri, kwa kuwa hospitali ni ndogo na mara nyingine mtu wa usingizi, yule anayetia wagonjwa ganzi, huwa ng'ambo ya maji, Mokowe. Alisema hayo akiwa ameshaanza kukunja uso, na akaongeza kwamba mama anayemtakia mtoto wake heri hafanyi bahati nasibu.

Maneno yale yalimuuma. Usidhani hayakumuuma kwa kuwa ni jasiri. Akalifunga daftari, kisha akasema:

"Daktari, mimi namtakia heri kabla wewe hujajua kama yuko. Umenieleza, nimeelewa, na siku ya kupangiwa kisu nimeikataa. Sikatai hospitali na sikukatai wewe."

Kamau akamtazama Sista Kwamboka akitarajia msaada. Sista akasema sheria iko wazi, mtu mzima mwenye akili timamu akishaelezwa ana haki ya kukataa, na mimba haimwondolei haki hiyo. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kuomba faili. Daktari akashusha pumzi, akaomba radhi kwa lile neno la bahati nasibu, na hapo ndipo wakaanza kuzungumza kama watu wawili wenye kazi moja. Walipatana: damu ya akiba ipimwe na iwekwe, mtu wa usingizi asiruhusiwe kuvuka wiki zile, na mama aje mapema.

Ibtihal alirudi saibani akachapa karatasi yake mwenyewe, akaichapa mara tatu mpaka akaridhika. Iliandikwa hivi:

"Mimi, Ibtihal binti Jaafar, nina akili zangu timamu. Nimeelezwa faida na hatari za kupasuliwa, na faida na hatari za kuzaa kwa njia ya kawaida, nami nimeelewa. Upasuaji wa kupangwa nimeukataa. Kupimwa, kuwekewa sindano ya mshipa na kusikilizwa moyo wa mtoto nimekubali. Mtu yeyote asikubali wala asikatae kwa niaba yangu maadamu naweza kusema."

Akatia sahihi, akatoa nakala mbili, moja ikaingia kwenye faili la hospitali na nyingine akampa Hussam.

Sasa huku nyumbani kukawa na sherehe. Bi Mahfudha, mavyaa wake, aliposikia kwamba mke wa mwanawe amemkatalia daktari, alijiona yeye ndiye aliyekataa. Ni mwanamke wa mji hasa, mwenye maneno yaliyopangika na heshima yake mitaani, na kwa miaka yote ile lile kovu la Ibtihal lilimkera kama doa kwenye nyumba yake. Watu wa nyumba yetu, alikuwa akisema, huzaa kwa rehema ya Mola, hawapasuliwi. Akaizungusha habari mji mzima. Akaandaa dua, akapika mahamri, watoto wa chuo cha Kurani wakala wakashiba. Akaleta kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, na Ibtihal akainywa kwa imani na shukrani. Lakini Bi Mahfudha alipokuja na rai ya pili, kwamba maadamu kisu kimekataliwa basi na hospitali iachwe, azalie ndani kwa wanawake wenziwe, Ibtihal alimkatalia na yeye.

Alimkatalia kwa heshima, huku amemshika mkono. Bi Mahfudha hakukasirika. Alicheka tu akasema haya, tutaona, na kesho yake akaendelea kumsifu barazani. Ibtihal alisikia zile sifa akakosa raha. Alimwambia Hussam kwamba mama ameichukua karatasi yake akaigeuza bendera ya ukoo. Hussam akamwambia aache, mama ni mtu mzima, acha afurahi. Akaacha, na hilo lilikuwa kosa.

Uchungu ulianza siku ya Jumanne, baada ya sala ya alfajiri. Hakungoja. Kufikia saa moja unusu alikuwa kitandani hospitalini, sindano mkononi, Sista Kwamboka kando yake. Asubuhi nzima mambo yalikwenda vizuri, vizuri mno. Njia ilifunguka, moyo wa mtoto ulidunda sawasawa, na Ibtihal, katikati ya maumivu ambayo sina haja ya kuyaeleza kwa aliyezaa na siwezi kuyaeleza kwa asiyezaa, alijiona bingwa. Alitania. Alimwambia Sista akizaa mapacha mmoja ataitwa Fotokopi. Daktari Kamau alichungulia kila nusu saa, na mara ya nne alitabasamu.

Saa sita kasorobo Ibtihal akahisi maumivu mengine. Haya hayakuja na kuondoka. Yalikaa palepale juu ya kovu, hata uchungu ulipopumzika. Alimwambia Sista papo hapo. Sista akaweka kifaa tumboni, akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Moyo wa mtoto ulikuwa umeshuka. Akamgeuza ubavu, ukapanda kidogo, ukashuka tena. Akaenda kumwita daktari mbio.

Na hapa, wallahi, ndipo lilipotokea lile ambalo hata mimi ninayesimulia hunitia ghadhabu. Daktari alikuja mpaka mlangoni, akaliona faili na ile karatasi iliyobandikwa juu yake, akasimama. Aliogopa. Alikumbuka siku ya kliniki, akakumbuka neno la haki na neno la sheria, na badala ya kuingia ndani akageuka kwenye ujia walikokuwa wamekaa Hussam na mamake. Akaanza kuwaeleza wao. Mwanamke mwenyewe alikuwa hatua saba kutoka pale, nyuma ya pazia.

Ibtihal alisikia kila neno. Alimsikia daktari akisema sasa hali imebadilika, angependa kupasua, lakini karatasi inasema amekataa. Akamsikia Bi Mahfudha akijibu, kwa sauti ya mtu anayelinda mlango wa nyumba, kwamba mke wa mwanawe keshakataa, ameandika kwa mkono wake, na hapana wa kumvunjia neno lake yeo. Akamsikia Hussam, mume wake mpole aliyeapa hatarudia kosa, akisema fuateni karatasi yake, safari hii fuateni anavyotaka. Mara ya kwanza walikubali badala yake, mara hii wanakataa badala yake, na mara zote mbili wamo kwenye ujia.

Akakusanya pumzi.

"Njooni huku nyote. Mwenye tumbo yuko huku."

Pazia likafunguliwa. Wakaingia wote watatu kwa mkupuo, Sista nyuma yao. Ibtihal akamnyooshea kidole daktari.

"Mstari wa mwisho wa ile karatasi umeusoma? Hawa hawakubali kwa ajili yangu, na hawakatai kwa ajili yangu. Niambie mimi. Nini kimebadilika?"

Kamau akasogea mpaka kitandani. Kwa heshima yake nitasema hivi, alipoulizwa vizuri alijibu vizuri. Alimwambia moyo wa mtoto umeshuka chini ya tisini na haupandi, na yale maumivu ya kovu huenda ndiyo dalili aliyomweleza kliniki. Alisema anashauri upasuaji sasa hivi. Ibtihal akamuuliza, na nikikataa? Akasema akikataa hawatamgusa, watabaki naye na kufanya wanaloweza, lakini anaogopa mtoto atakufa, na huenda na yeye.

Uchungu ukamjia. Wote wakasubiri. Ulipopita, Ibtihal alikuwa analia, na tusimfichie; alilia kwa kuwa alikuwa ameitaka sana siku ile iende vingine, na alikuwa karibu. Kisha akafuta uso kwa kiganja.

"Leteni fomu."

Bi Mahfudha akashtuka. Akasema lakini ulikataa mwanangu, mji mzima wajua. Akasema mengine pia, juu ya subira na juu ya Mola, na machozi yalikuwa yakimtoka, kwa hiyo hakuyasema kwa ubaya. Ibtihal akamgeukia.

"Mama, kukataa kulikuwa kwangu. Na kukubali ni kwangu."

Sista Kwamboka akamshikia ubao. Akamsomea haraka, mistari yote, naye akaitikia kila mmoja. Akatia sahihi. Ilikuwa mbaya, imepinda, lakini ilikuwa yake, na pale palipoandikwa jina la mume au jamaa akapiga mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Hussam aliuona mstari ule akambusu paji la uso.

Walimchoma sindano ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho. Saa sita na dakika ishirini na mbili alimsikia mtoto akilia, msichana, kilio cha hasira hasa. Daktari alimweleza baadaye kwamba mshono wa zamani ulikuwa umeanza kuachia. Alimweleza pia jambo ambalo hakulazimika kulisema, kwamba lile la kusimama kwenye ujia lilikuwa kosa lake na hatalirudia. Ibtihal akamwambia dakika zile zingeweza kumponza mtoto. Akasema anajua. Hawakupeana mkono wala nini, lakini tangu siku ile wakikutana sokoni husimama kusalimiana.

Kesho yake baada ya adhuhuri Bi Mahfudha alikuja wodini na uji. Hakuwa amefika tangu jana. Ibtihal alijiandaa kwa lawama, akapanga hata majibu. Mama wa watu aliweka kikombe, akamtazama mjukuu, akavuta kiti, akakaa. Ibtihal akaona ni bora ayaanze mwenyewe. Kabla hajafungua kinywa, mavyaa wake akasema, macho yakiwa kwa mtoto, kwamba kabla ya Hussam alikuwa na mwana mwingine. Ibtihal hakuwahi kulisikia hilo. Hussam mwenyewe hakuwa amewahi kuambiwa.

Alimweleza taratibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya pili ya uchungu nguvu zilimwisha, na jirani mmoja mwenye huruma akamleta tabibu wa hospitali mpaka mlangoni, na watu wa kumbeba. Mavyaa wake wa wakati ule akatoka akasimama naye kizingitini. Akamwambia tabibu kwamba mwenyewe hataki, amekataa. Tabibu akaenda zake. Mtoto alitoka alasiri, hakulia. Wanawake waliomzunguka wakamsifu Mahfudha kwa ushupavu wake, mji mzima ukamsifu, na sifa zile akazichukua kwa kuwa hakuachiwa kingine cha kuchukua. Miaka arubaini na tatu amekuwa akizibeba kama zake.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Nasikia. Hapana aliyeniuliza."

Ibtihal alisahau majibu yote aliyoyapanga. Akajisogeza kitandani kwa uangalifu, kidonda kikimvuta, mpaka akaufikia mkono wa yule bibi.

"Wangekuuliza, mama, ungesemaje?"

Bi Mahfudha hakufikiri hata kidogo.

"Ningesema nipelekani."